Nia, Nguvu na Muda: Kinachoamua Mapambano katika Manga za Safari na Ujasiri

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali linalorudiwa mara kwa mara na wasomaji wa manga za safari na ujasiri: pambano linapofikia kilele, huamuliwa na nia ya mhusika au na nguvu zake? Data imetokana na manga nne za Kijapani: Dragon Ball, One Piece, Naruto na Hunter × Hunter. Uchambuzi umeongozwa na semiotiki ya usimulizi ya A. J. Greimas, hususan mgawanyo wake wa kutaka, kujua na kuweza. Makala yanabainisha kuwa katika kazi hizi nia haichukui nafasi ya nguvu. Kazi yake ni kurefusha pambano hadi maarifa, mafunzo, msaada au mhanga ugeuke kuwa uwezo. Muda huo unapokosekana, nia hushindwa hata iwe kubwa kiasi gani. Aidha, makala yanajadili tatizo la kiistilahi linalomkabili mwandishi wa Kiswahili anayeyaeleza mambo haya, hasa mgongano wa neno la Kijapani "haki" na neno la Kiswahili lenye umbo hilohilo.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, zinaunda mjadala kamili. "Mwenye nguvu mpishe" inamshauri mnyonge aukubali uwiano wa nguvu kama ulivyo. "Penye nia pana njia" inampa matumaini kwamba uwiano huo si neno la mwisho. Fasihi za mashujaa katika jamii nyingi hukaa kati ya mashauri haya mawili, na manga za Kijapani zinazolenga vijana wa kiume, ziitwazo "shōnen", zimeufanya mvutano huo kuwa moyo wa msuko wake.

Neno "manga" lenyewe linahitaji tanbihi fupi. Msomaji wa Kiswahili analifahamu katika "pilipili manga" na katika jina la kale la Uarabuni, hasa upande wa Maskati. Neno la Kijapani halina uhusiano na hilo. Linaundwa na alama mbili, moja ikiwa na maana ya kitu kisichofungwa na utaratibu na nyingine ikiwa na maana ya picha. Katika makala haya linatumika kwa maana ya hadithi ndefu za picha zinazotolewa kwa mfululizo katika majarida na kisha kukusanywa katika vitabu.

Kazi zote nne zinazochambuliwa zilichapishwa kwanza katika jarida la Weekly Shōnen Jump la kampuni ya Shueisha, lililoanzishwa mwaka 1968. Jarida hilo linahusishwa na maneno matatu yanayotajwa kama dira ya hadithi zake: urafiki, juhudi na ushindi. Mpangilio wa maneno hayo unadokeza nadharia ya ushindi: anayependwa na wenzake na anayejitahidi ndiye atakayeshinda. Nguvu za kuzaliwa nazo hazitajwi. Suala linalochunguzwa hapa ni iwapo hadithi zenyewe zinaitii dira hiyo. Jibu lake lina uzito nje ya burudani, kwa kuwa hadithi hizi huwaeleza mamilioni ya vijana nini kinamfaa mtu asiyezaliwa na kipaji wala nasaba.

2.0 Suala la Istilahi

Mjadala wa nia na nguvu hukwama mapema kwa sababu maneno yake hayajapambanuliwa. Kiswahili kina hazina ya kutosha kwa kazi hiyo. "Nguvu" ni uwezo wa mwili au wa chombo kuleta athari. "Mabavu" ni nguvu inayotumika kushurutisha. "Nia" ni kusudio lililokwisha kuamuliwa. "Utashi" ni uwezo wa kuamua wenyewe. "Ari" ni msukumo wa ndani unaomwendesha mtu asikate tamaa. Kijapani nacho hutenganisha "ishi", yaani utashi, na "konjō", yaani uvumilivu unaotoka katika tabia ya mtu, neno ambalo alama yake ya kwanza ni ile ya mzizi wa mti.

Tatizo kubwa zaidi linatokea katika One Piece, manga ya Oda Eiichiro iliyoanza kuchapishwa mwaka 1997. Humo, nia imegeuzwa kuwa nguvu halisi yenye jina: "haki". Neno hili linaundwa na "ha", lenye maana ya ubabe au utawala juu ya wengine, na "ki", lenye maana ya pumzi au roho. Lina aina tatu: ile ya kuhisi na kutambua, ile ya kujikinga na kupigia, na ile ya kifalme inayoweza kuwazimisha fahamu wenye roho dhaifu bila kuwagusa.

Msomaji wa Kiswahili anapolikuta neno hilo hawezi kuepuka kulisikia neno lake mwenyewe, lililotoka katika Kiarabu na lenye maana ya stahili au uadilifu. Kufanana huku ni sadfa ya kifonolojia, lakini athari yake kimaana si ndogo. Sentensi isemayo kuwa mhusika "ameshinda kwa haki yake" itaeleweka kama tamko la kimaadili, kwamba mwema amemshinda mwovu kwa kuwa anastahili. Hadithi haisemi hivyo. Kaido, Big Mom na Doflamingo, ambao ni madhalimu, wanayo "haki" ya kifalme sawa na Luffy anayepigana nao. Zaidi ya hapo, maofisa wa jeshi la majini katika hadithi hiyohiyo huvaa makoti yaliyoandikwa mgongoni neno "seigi", ambalo tafsiri yake iliyo karibu kabisa katika Kiswahili ni haki. Mfasiri akiliacha neno la Kijapani kama lilivyo, atajikuta na askari wanaobeba haki mgongoni wakipigana na maharamia wanaopiga kwa haki, na msomaji hatajua ipi ni ipi.

Kwa hiyo, makala haya yanatumia "ari" kwa dhana hiyo ya Kijapani, na kwa aina zake tatu yanapendekeza "ari ya utambuzi", "ari ya deraya" na "ari ya enzi". Neno "haiba" lingeweza kufaa kwa aina ya tatu, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu inabeba maana ya kutisha na kuheshimisha. Hata hivyo, matumizi ya sasa ya Kiswahili yamelisogeza karibu na mvuto na uzuri wa tabia, na hivyo lingempotosha msomaji.

3.0 Kiunzi cha Uchambuzi

Greimas alionesha kuwa mtendaji katika hadithi hatendi mpaka awe amepata sifa fulani zinazomwezesha kutenda. Miongoni mwake ni kutaka kutenda, kujua kutenda na kuweza kutenda. Tendo kuu, ambalo katika hadithi za mapambano ni kumshinda mpinzani, hutanguliwa na hatua ya kujipatia sifa hizo. Mhusika anaweza kutaka bila kuweza, akaweza bila kujua, au akajua bila kutaka, na kila pengo la aina hiyo huzaa mgogoro.

Kiunzi hiki kinalibadilisha swali la awali. Kuuliza kama nia inaishinda nguvu ni kuzichukulia kutaka na kuweza kama uzito uliowekwa katika pande mbili za mizani. Kwa mtazamo wa Greimas hizo ni hatua mbili za njia moja. Swali lenye tija zaidi ni hili: kwa utaratibu gani hadithi inamvusha mhusika kutoka kutaka hadi kuweza, na je, msomaji anaoneshwa utaratibu huo?

4.0 Nguvu Inayopimika: Dragon Ball

Dragon Ball ya Toriyama Akira, iliyochapishwa kati ya mwaka 1984 na 1995, inatoa mfano wa wazi wa hadithi inayojaribu kuifanya nguvu kuwa hesabu. Raditz anapofika duniani anavaa kifaa kinachosoma nguvu ya mpiganaji kwa tarakimu. Tangu hapo wahusika hutajiwa vipimo vyao: Vegeta ana 18,000, na Freeza anajitangazia 530,000. Kwa kanuni hiyo pambano limekwisha kabla ya kuanza, kwani mwenye tarakimu kubwa ndiye mshindi. Hii ni "Mwenye nguvu mpishe" iliyogeuzwa kuwa chombo cha kupimia.

Mtunzi hakukileta kifaa hicho ili kukithibitisha. Mara tu kinapoletwa, kinaanza kushindwa. Goku na wenzake wamejifunza kuificha nguvu yao na kuikusanya kwa pigo moja, kwa hiyo kipimo kinasema uongo. Gohan, mtoto mdogo anayelia, anapanda ghafla kwa hasira kufikia kiwango ambacho Raditz hakukitarajia. Maadui hutazama tarakimu, wakadharau, wakaangamia. Hata Goku anapogeuka mpiganaji wa nywele za dhahabu baada ya Freeza kumuua rafiki yake Krillin, kinachomvusha ni uchungu ambao hakuna kifaa kinachoweza kuupima.

Hata hivyo, nia haikuishinda nguvu hapa. Hasira ya Goku inamfanya awe na nguvu zaidi ya Freeza, na ndipo anapomshinda. Krillin naye alitaka kwa moyo wote, lakini hakupata mageuzi hayo kwa kuwa hakuzaliwa Saiyan. Uchungu ulifungua mlango ambao nasaba ilikuwa imekwisha kuujenga. Kwa hiyo, Dragon Ball inaipinga hesabu ya nguvu bila kuipinga nguvu yenyewe.

5.0 Nia kama Muda: One Piece

Pambano la Luffy na Crocodile katika nchi ya jangwa ya Alabasta ndilo linalodhihirisha zaidi hoja ya makala haya, kwa kuwa kwa hakika ni mapambano matatu. Katika la kwanza, Luffy anachomwa kwa ndoano na kuachwa azame mchangani. Anaokolewa na Robin, ambaye wakati huo ni mshirika wa adui. Katika la pili, amekwisha kugundua kuwa mwili wa Crocodile, ambao ni mchanga, hushikika ukilowa, hivyo anarudi na pipa la maji. Anampiga, lakini anashindwa tena na kukaushwa mwili. Katika la tatu hana maji. Ngumi zake zinalowa damu yake mwenyewe, na damu inafanya kazi iliyofanywa na maji. Anashinda.

Nia ya Luffy haikuongezeka kati ya pambano la kwanza na la tatu. Alitaka vilevile siku zote. Kilichobadilika ni kujua, na baadaye kuweza. Nia ilifanya jambo moja tu, nalo ni kukataa kuhesabu kushindwa kwa kwanza kuwa ndiyo mwisho. Kwa maneno mengine, nguvu huamua pigo, nia huamua urefu wa pambano. Mwenye nguvu anahitaji pambano liishe sasa. Mwenye nia anahitaji lisiishe bado.

Muundo huo unajirudia kwa Katakuri, ambaye ari yake ya utambuzi inamwezesha kuona yatakayotokea punde. Luffy anapigwa, anakimbia, anarudi, na katika saa hizo nyingi za kupigwa anajifunza kuona kama anavyoona mpinzani wake. Unajirudia pia kwa Kaido, anayemwangusha Luffy kwa pigo moja wanapokutana mara ya kwanza. Luffy anafungwa gerezani, na huko anajifunza kwa mzee Hyogoro namna mpya ya kutumia ari ya deraya. Kila kushindwa kunageuzwa kuwa darasa.

Kwa wasomaji wa fasihi ya Kiswahili, mapambano haya yanakumbusha kisa cha Fumo Liyongo, jitu lenye nguvu lililokuwa na sehemu moja tu dhaifu: kitovu, kilichochomwa kwa sindano ya shaba. Ulinganishi unaonesha tofauti ya kimuundo. Katika kisa cha Liyongo, mwenye nguvu na mwenye siri ya udhaifu ni shujaa mwenyewe, na ujuzi wa siri hiyo ni usaliti. Katika One Piece, sindano ya shaba imehamishiwa kwa adui, na kuitafuta ni kazi halali ya shujaa. Ndiyo maana kisa cha kwanza huishia katika maombolezo na cha pili katika sherehe.

Pambano la mwisho na Kaido linaleta utata. Kaido mwenyewe anashikilia kuwa ari ndiyo iliyo juu ya yote, akimtaja Roger, mfalme wa maharamia ambaye hakuwa na nguvu za tunda lolote la shetani. Kauli hiyo ingekuwa ushahidi wa kutosha kwa upande wa nia. Lakini muda mfupi kabla yake, hadithi imefichua kuwa tunda alilokula Luffy utotoni si la mpira tu, bali linabeba umbo la Nika, na kwamba matunda ya jamii hiyo yana utashi wayo yenyewe. Luffy anafufuka akiwa na nguvu mpya kabisa. Wapo wasomaji wanaoona kuwa ufichuzi huu umeiponza maana ya safari nzima, kwa kuwa kilichodhaniwa kuwa juhudi kimegeuka kuwa bahati ya kula tunda sahihi. Pingamizi hilo lina uzito. Jibu lililo karibu na matini ni kwamba tunda hilo lilikuwa mwilini mwake tangu utotoni bila kuamka, na liliamka tu baada ya Luffy kurudi vitani mara kadhaa baada ya kuangushwa. Nguvu ilikuwepo, nia iliifikisha siku ya kutumika.

6.0 Nia Yenye Bei: Hunter × Hunter

Togashi Yoshihiro, katika Hunter × Hunter iliyoanza mwaka 1998, analijibu swali hili kama mwanasheria. Nguvu ya kimsingi katika ulimwengu wake inaitwa "nen", neno lenye maana ya fikra au mazingatio, na inatawaliwa na kanuni ya sharti na kiapo: kadiri mtu anavyojiwekea sharti gumu na adhabu kali ya kulivunja, ndivyo uwezo wake unavyoongezeka.

Kurapika, ambaye jamaa zake wote waliuawa na kundi la Buibui, anakutana na Uvogin, mwenye nguvu za mwili kuliko wenzake wote katika kundi hilo. Mlolongo wa Kurapika unamfunga Uvogin asiweze kufurukuta, kwa sababu Kurapika ameapa kuutumia dhidi ya kundi hilo peke yake, na akiukiuka wajibu huo atakufa. Chuki yake haikumpa nguvu bure. Aliinunua kwa kuiweka roho yake rehani.

Mfano wa Gon ni mkali zaidi. Anapotambua kuwa Kite, aliyekuwa mwalimu wake, hatarudi, anatoa uwezo wake wote wa maisha ya baadaye ili awe na nguvu mara moja tu ya kumwangamiza Neferpitou. Anafaulu, kisha anabaki mahututi. Anaponywa kwa msaada wa Alluka, ndugu wa rafiki yake Killua, lakini baada ya hapo hawezi tena kutumia "nen". Kwa istilahi za sehemu iliyotangulia, Gon hakuurefusha muda wa pambano. Aliukopa kutoka katika maisha yake yaliyobaki. Togashi anaonesha kuwa njia ya mkato kutoka kutaka hadi kuweza ipo, ila mpitaji wake huacha ada mlangoni.

7.0 Nia Inaposhindwa

Nadharia yoyote ya ushindi hupimwa kwa visa vya kushindwa. Vitatu vinatosha.

Cha kwanza ni cha Rock Lee katika Naruto ya Kishimoto Masashi, iliyochapishwa kati ya mwaka 1999 na 2014. Lee hana kipaji cha mbinu za kichawi zinazotumiwa na wenzake; amejijenga kwa mazoezi ya mwili peke yake. Katika mtihani anapambana na Gaara, ambaye mchanga humlinda bila hata yeye kutaka. Lee anafungua milango ya nguvu inayouharibu mwili wake mwenyewe, lakini Gaara anamvunja mkono na mguu. Baada ya mwalimu wake kuingilia kati, Lee anasimama tena akiwa amezimia. Picha hiyo inatenganisha kabisa kutaka na kuweza: nia imebaki imesimama katika mwili usio na fahamu, na mwamuzi bado anatangaza kuwa Gaara ameshinda. Mtihani una mwisho, na Lee hakupewa pambano la pili siku hiyo.

Cha pili ni kifo cha Ace katika One Piece. Luffy anavuka gereza la chini ya bahari na uwanja wa vita wa Marineford ili kumwokoa kaka yake. Ari yake ya enzi inalipuka bila yeye kujua. Anamfungua, na bado Ace anauawa mbele yake. Muda wa kujifunza haukuwepo. Ndiyo maana baada ya msiba huo hadithi inasimamisha safari kwa miaka 2 ili Luffy afundishwe na Rayleigh. Kusimama huko ni ungamo la kiusimulizi kwamba nia peke yake ilikwisha kujaribiwa na ikapungua.

Cha tatu ni cha Netero katika Hunter × Hunter. Akiwa na umri wa miaka 46 aliamua kupiga ngumi 10,000 za shukrani kila siku, na miaka ya nidhamu hiyo ilimfanya awe na kasi isiyo na mfano. Anapokutana na Meruem, mfalme wa chungu, nidhamu ya maisha yote haitoshi. Netero anapoteza viungo, kisha analipua bomu lililopandikizwa mwilini mwake, na sumu yake ndiyo inayomuua mfalme hatimaye. Silaha hiyo ni ya bei rahisi na inatengenezwa kwa wingi. Mshindi hapa si utashi wa mtu wala msuli wa kiumbe, bali teknolojia ya mauaji ya umma. Ni kisa kinachoihukumu dira ya urafiki, juhudi na ushindi kwa ukali kuliko vingine vyote, na kimeandikwa ndani ya jarida lenye dira hiyo.

Kwa upande mwingine, kazi hizi huyumba pale zinapoficha nasaba nyuma ya juhudi. Naruto anamkabili Neji, anayeamini kuwa majaliwa ya mtu hupangwa kwa kuzaliwa kwake, na kumshinda. Baadaye inafichuliwa kuwa Naruto ni mwana wa Hokage wa Nne na mrithi wa roho ya Ashura. Neji alishindwa katika pambano, lakini msuko wenyewe ulimpa sehemu ya ushindi wa hoja. Lee, ambaye hana urithi wowote wa namna hiyo, anabaki kuwa mtetezi mwaminifu zaidi wa juhudi katika manga hiyo, na ndiye aliyevunjwa viungo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa swali la nia dhidi ya nguvu linatatulika pale nia inapoeleweka kama sifa inayosimamia muda wa pambano, na nguvu kama sifa inayosimamia pigo. Katika Dragon Ball, uchungu hufungua nguvu iliyokuwepo. Katika One Piece, ukaidi huzaa nafasi ya kujua. Katika Hunter × Hunter, kiapo hununua uwezo kwa bei iliyotajwa. Lee, Ace na Netero wanaonesha mpaka wa kanuni hiyo. Aidha, imeoneshwa kuwa mjadala huu katika Kiswahili unahitaji uangalifu wa istilahi, kwa kuwa neno moja lililoachwa bila tafsiri linaweza kuugeuza ushindi wa ari kuwa ushindi wa uadilifu.

Methali iliyotajwa katika utangulizi sasa inaweza kusomwa kwa makini zaidi. "Penye nia pana njia" haisemi kuwa penye nia pana ushindi. Inaahidi njia, na njia hutembewa kwa muda, kwa mwongozo na kwa gharama. Manga zinazomwonesha kijana njia hiyo hatua kwa hatua zinamfundisha jambo la kweli kuhusu juhudi. Zile zinazomrusha mhusika kutoka kutaka hadi kuweza kwa mlipuko wa hisia, kisha zikafichua kuwa alikuwa mwana wa mfalme, zinamrudishia methali ya kwanza ikiwa imevishwa nguo za ya pili.